Jinsi ya Kumtangulia Mgonjwa Wako

Hongera. Ikiwa unasoma haya huku mkono mmoja umeshika kikombe cha uji na mwingine unafukuza nzi, umeshateuliwa. Hakukuwa na kikao. Hakuna aliyesimama akasema wewe ndiye utakayemuuguza mama. Ilitokea tu kwamba siku ile alipoanguka mlangoni pa jiko, mdomo ukaenda upande, wewe ndiye uliyekuwa karibu, na kwa ukoo wetu aliye karibu ndiye mwajiriwa. Kaka yako mkubwa yuko Dar es Salaam, ana majukumu. Dada yako yuko Kahama, ana mume. Wewe una nini? Una nafasi.

Mimi niliteuliwa hapa Mkula, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, na huu ni mwaka wa tatu. Mama alipooza upande wa kulia, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, naye alikuwa nayo mengi, yamebaki manne. Moja ni "hapana". Jingine ni "mwangaluka", ambayo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, lakini yeye humpa kila anayeingia hata saa mbili usiku. Mawili yaliyobaki hayaandikiki, na moja kati ya hayo analihifadhi kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

Katika miaka hii nimejifunza mengi, na nimeona si vizuri kuyaficha. Maelekezo ya kumtunza mgonjwa wa kiharusi yapo, utapewa hospitalini. Kinachokosekana ni mwongozo wa huyu anayemtunza: afanye nini ili afe kabla ya mgonjwa wake, bila kelele, bila kusumbua watu, na ikiwezekana baada ya mavuno ya pamba, ili msiba usigongane na kazi.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Njia hii imethibitishwa na wataalamu. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takribani miaka minne watu wa umri wa miaka 66 hadi 96 wanaoishi na wenzi wao. Wale waliokuwa wanauguza mume au mke na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa kubwa zaidi kwa asilimia 63 kuliko wenzao wasiouguza. Asilimia 63! Kuna mbegu za pamba zinazouzwa kwa ahadi ndogo kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba utafiti huohuo una kipengele kinachokatisha tamaa: waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuzidi wenzao kufa. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kuuguza peke yake kutakufikisha. Lazima uelemewe, na kuelemewa kunataka nidhamu.

Hatua ya kwanza ni daftari. Siku ya kliniki unanunua daftari dukani, unaandika jina la mgonjwa juu ya jalada kwa herufi kubwa. Ndani yake ataandikwa yeye tu: presha ya Januari, presha ya Februari, sukari, uzito, dawa iliyobadilishwa. Wewe utaonekana mahali pamoja, namba ya simu ya ndugu wa karibu. Hakikisha mambo yanabaki hivyo. Mimi kwa miaka miwili ungeniamsha usingizini ningekutajia presha ya mama ya miezi sita iliyopita, juu na chini. Yangu nilikuwa siijui kama nisivyojua namba ya jezi ya golikipa wa Simba.

Hatari ipo, nikuonye mapema. Mashine iko palepale mezani. Wewe ndiye unayemkunja mama mkono wa gauni. Muuguzi akiwa na roho nzuri anaweza kusema, "Na wewe dada, hebu kaa." Ukikaa umekwisha, kwa sababu kipimo chenyewe hakina adha yoyote inayoweza kukupa kisingizio: unatulia dakika tano, miguu chini, mkono usawa wa moyo, basi. Ikifika 140 ya juu au 90 ya chini, na ikarudia hivyo siku nyingine, una presha. Jibu sahihi ni, "Mimi mzima, nimemleta mama tu." Liseme huku unatabasamu. Presha haiumi, haina kikohozi wala haiwashi, ndiyo maana inafaa sana kwa kazi hii. Mama naye alikuwa mzima mpaka siku ya mlango wa jiko.

Na hapa una bahati ambayo watu wengi hawana. Pua yake ulirithi, sauti yake ulirithi, na mishipa yake huenda umerithi pia. Shamba mtagombea mahakamani. Huu ni urithi ambao hakuna ndugu atakayekuletea kesi. Ongeza kwamba mmekula chungu kimoja miaka arobaini, dagaa wenye chumvi, mboga ya nsansa yenye chumvi, na ile chumvi ya mezani kwa ajili ya asiyeridhika. Daktari alipompiga mama marufuku, sisi wengine tuliendelea, kwa sababu marufuku iliandikwa kwenye daftari lake.

Hatua ya pili ni mgongo, na hapa nitakaa kidogo maana nina uzoefu.

Mgonjwa wa kupooza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo atatoka vidonda matakoni na visiginoni. Hesabu mwenyewe ni mara kumi na mbili kwa siku. Weka na kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti, kitini kwenda chooni, na safari ya kliniki kwa bodaboda, mshikaki, yeye katikati na wewe nyuma umemkumbatia kama mlevi aliyemkumbatia mwenzake. Vijana wanaopakia marobota ya pamba kwenye malori wana zamu, na wanalipwa. Marobota pia hayajikazi.

Ili mgongo ukatike vizuri, simama mbali na kitanda. Kaza magoti. Inama kiunoni, mshike mama kwapani, vuta, na katikati ya kuvuta jipinde kuelekea kwenye kiti. Ukisikia kitu kimelia "tya", umefaulu. Ukimvuta kwa ule mkono uliopooza utafaulu mara mbili, kwa kuwa bega lake nalo litateguka na mtauguzana.

Utakutana na wahudumu wa mazoezi watakaotaka kuharibu kazi. Watakuambia utandike shuka iliyokunjwa chini ya mgonjwa, mtu mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule, mmvute kwa shuka badala ya kumnyanyua. Watakuambia usogee karibu naye kabisa, ukunje magoti, uache mapaja yabebe. Watakuambia umwache yeye mwenyewe asukume kwa mguu wake mzima, eti kila anachoweza kufanya akifanye. Yote hayo yanafanya kazi, nimeyajaribu, na ndiyo ubaya wake. Njia pekee ya kuyazuia ni kutomwita mtu wa pili. Jirani akipita akakusalimia, "Mwadila," akauliza, "nikusaidie?" mwambie, "Aa, nimeshazoea."

Hatua ya tatu hadi ya tano nilikuwa nimeziandika nyuma ya bahasha ya eksirei. Bahasha ilitumika kuwashia moto usiku mama alipoharisha. Zilikuwa nzuri.

Hiyo inatuleta kwenye shuka. Mgonjwa wa kitandani anakula shuka kama moto unavyokula mabua, na bomba la mtaani lina ratiba yake ambayo halijamwonyesha mtu. Beba beseni uende kwenye lambo, au kama una nauli shuka Lamadi ziwani. Nenda saa sita mchana jua likiwaka. Huo ndio wakati ambao vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono na kuogelea vikitafuta ngozi, navyo havichagui mguu wa mvuvi na wa mwenye huruma. Simama majini hadi magotini, fua polepole. Waoga huchota maji wakafulia nchi kavu mbali na ukingo, au huyaacha maji yalale siku mbili kwenye pipa. Wengine, wakishaingia majini, huenda kupimwa kinyesi na mkojo wakapewa vidonge vya kichocho kwa kipimo cha uzito wao, mambo yakaishia hapo. Watoto wa shule hugawiwa vidonge hivyo shuleni. Anayeuguza hana shule, kwa hiyo hakuna wa kumfuata.

Glavu usinunue, ni kukosa upendo. Kama anayeuguzwa ni baba mdogo mwenye kifua kikuu, funga madirisha asipigwe baridi, lala chumba hichohicho, na ukikohoa wiki mbili sema ni vumbi la pamba. Wenye mashaka watakuambia kwamba kila anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu anatakiwa kupimwa, na akikutwa hana ugonjwa anaweza kupewa dawa za kuzuia usije. Swali ni lilelile: utaacha mgonjwa na nani?

Swali hilo, ndugu msomaji, lishike. Ni ufunguo wa milango yote. Binti yangu alichanjwa shuleni mwaka 2018, Tanzania ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Nilisaini karatasi kwa furaha, nikamwambia asiogope sindano. Mwaka huohuo na kila mwaka baada yake niliambiwa kwamba sisi mama zao, tuliovuka miaka 30, kinga yetu ni kuchunguzwa: unalala kitandani, mhudumu anapaka siki, anatazama kama pamegeuka peupe, unavaa, unaondoka. Pakigunduliwa mapema panatibiwa kabla hapajawa saratani. Ni dakika chache, pungufu ya muda wa kusubiri chenji kwa bodaboda. Niliwaambia nitakuja. Kisha mama akaanguka, nami nikapata sababu yenye heshima, ambayo mpaka mchungaji aliikubali.

Heshima ndiyo hatua ya sita au ya saba, sina hakika tena. Utasifiwa. Kanisani watakutaja kwenye maombi, sokoni watasema una moyo, wajomba watakuambia Mungu atakulipa. Mshahara huo haukatwi kodi wala haukopesheki dukani. Kazi yako ni kuuamini. Mtu anayesifiwa kila Jumapili hawezi Jumatatu kusema amechoka, ataonekana amerudisha zawadi. Kama hulali, sema ni joto. Kama unalia ukiwa unachambua mchele, sema ni moshi, ingawa mchele hauchambuliwi jikoni. Kama hamu ya kula imekwisha, hamu ya kuoga imekwisha, na kuna asubuhi unatamani kitanda kile ungelala wewe, usimwambie mganga wala muuguzi, kwa sababu hilo lina jina, sonona, na lina tiba.

Angalia pia lugha yenyewe inavyokusaidia kujificha. Aliyesomea anaitwa muuguzi. Wewe ni muuguzaji. Wanatofautiana kwa herufi chache za mwisho, lakini muuguzi ana zamu, ana likizo, ana kiti. Muuguzaji ana mkeka chini ya kitanda.

Na bima. Mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ulipokuja, kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Sita! Mimi nilimwandika mama, nikaandika watoto watatu, nikamwandika mpwa tunayeishi naye, nafasi ya sita nikampa bibi wa upande wa pili ambaye hata haumwi. Mwandikishaji aliuliza, "Na wewe mwenye kaya?" Nikamwambia wataniongeza Bunge likipitisha ya wote. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nikatafuta sababu nyingine.

Sasa niseme kitu kimoja kwa sauti ya kawaida, maana kejeli ina mahali inapochoka. Hapa kwetu kufa kuna utaratibu, kuugua hakuna. Mtu akifa, kabla jua halijazama kuna mwenyekiti wa kamati, katibu, mweka hazina, daftari la michango, mtu wa turubai, mtu wa sufuria. Wanawake wanakuja na kuni bila kuitwa. Kaka wa Dar es Salaam, ambaye miaka mitatu nauli imemkwamisha, anafika na basi dogo la kukodi na watu kumi na wanne. Hata sheria inalijua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku nne zenye malipo akifiwa na mzazi. Mtoto wake akiugua, zipo. Mzazi wake akiugua, kifungu hicho hakimtaji. Mama yako lazima afe kwanza ndipo aombewe ruhusa.

Siku moja niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba naomba mtu mmoja, wiki moja kila miezi mitatu, aje akae na mama nami nikapime afya na kulala. Sikuomba hela. Majibu yalikuja haraka: mikono iliyokunjwa kumi na moja, moyo mmoja, na shangazi aliyeweka sauti ya dakika nne akielezea jinsi alivyomuuguza mkwewe mwaka 1987 bila kulalamika. Shemeji wa Kahama alituma 20,000 na ya kutolea. Nilizipokea. Zilinunua nepi za watu wazima, na nepi zikaisha Alhamisi.

Kwa hiyo mwongozo huu ulikuwa unaniendea vizuri. Nilikuwa nimefika hatua ambayo ukisimama haraka ukuta unatembea, na kisogo kinagonga asubuhi kama mtu anayetwanga. Nilijiambia ni usingizi. Nilikuwa nimeshajua hata shuka gani nitafunikwa.

Aliyeniharibia ni mgonjwa mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kliniki, mwezi wa kuvuna, watu wachache kwenye benchi. Zamu yetu ikafika. Nikamkunja mama mkono wa gauni kama kawaida, muuguzi akaleta kile kitambaa cha mashine. Mama akavuta mkono. "Hapana." Tukambembeleza. "Hapana." Muuguzi akamwambia, "Bibi, haiumi." Mama akanyoosha kidole cha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaniwekea kifuani kabisa.

Muuguzi akacheka. "Basi tuanze na huyu, bibi aone."

Nikajitetea kwamba mimi mzima, nimemleta mama tu. Lile neno la mbuzi likatoka, mara mbili, watu wa benchi wakageuka. Nikakaa. Dakika tano, miguu chini. Mashine ikavimba, ikapumua, muuguzi akaacha kucheka, akaniambia nitulie tena turudie. Mara ya kwanza 172 kwa 106. Mara ya pili 168 kwa 104. Akauliza daftari langu liko wapi. Nikamwambia sina. Akaniambia dukani pale nje wanauza.

Jina langu kwenye jalada nililiandika kwa kalamu ya kuazima, na halikukaa katikati. Ndani yake, kwenye ndugu wa karibu, nilifikiri kidogo nikaweka namba ya jirani yule wa "mwadila, nikusaidie". Siku hizi anakuja Jumanne na Ijumaa, tunavuta shuka pamoja, yeye upande wa ukutani. Kwenye kile chumba cha siki nimepewa siku yangu, wiki ijayo, naye amesema atakaa na mama mpaka nirudi.

Naomba radhi kwa wasomaji waliokuwa wanafuata hatua kwa uaminifu. Kasoro ya mwongozo ni kwamba haufanyi kazi kwenye nyumba yenye mgonjwa mkorofi. Kidonge changu kinakaa kwenye kopo la majani ya chai, karibu na cha kwake. Asubuhi nikileta uji anafunga mdomo mpaka anione nimemeza changu kwanza, na nikijifanya nimesahau anagonga kikombe kwenye chuma cha kitanda kwa mkono ule wa kushoto, huku akiita "mwangaluka, mwangaluka", mpaka jirani anatokeza kichwa dirishani kuuliza leo tena kuna nini.